Wanaojifunza kujaribu programu waanze na mazungumzo, zana zifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna tunavyowafundisha watu kujaribu programu za wavuti. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku: ninafanya majaribio ya kukubalika katika timu inayofuata mtindo wa ajaili, yaani kujenga programu kwa mizunguko mifupi huku mteja akishirikishwa, na jioni ninawanoa wanaotaka kuingia kwenye kazi hii. Wengi ninaowapokea wametoka kwenye kozi fupi. Wanajua kuandika skripti inayofungua kivinjari, inayojaza fomu, inayobofya kitufe na kusoma kichwa cha ukurasa. Ukiwauliza jaribio lao linamhakikishia nani jambo gani, hawana jibu. Siwalaumu, maana hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo. Walifundishwa kuanzia mkiani.

Jaribio la kukubalika ni mapatano kwanza, skripti baadaye. Mwenye bidhaa (anayeamua programu ifanye nini), msanidi (anayeiandika) na mjaribu wanakaa pamoja kabla msimbo haujaanza kuandikwa, wanapatana kwa mifano ni lini kazi itahesabiwa imekwisha, halafu mifano hiyohiyo inageuzwa kuwa majaribio yanayoendeshwa na kompyuta usiku na mchana. Wazo hili lina umri. Kent Beck na wenzake waliliweka katika Extreme Programming, mmoja wa mitindo ya ajaili, miaka ya 1990, na huko mteja ndiye aliyetakiwa kusema kazi ipimwe kwa lipi. Mwaka 2002 Ward Cunningham akatoa Fit, zana iliyomwezesha mtu asiyejua kuandika programu kupanga mifano yake kwenye jedwali, na jedwali lenyewe likaendeshwa kama jaribio. Wote wawili wamo katika wale watu 17 waliotia saini Ilani ya Ajaili, tamko lililoupa mtindo huu jina, mwaka 2001.

Selenium, ambayo kozi nyingi huanza nayo na kuishia nayo, ilikuja mwaka 2004. Jason Huggins aliitengeneza akiwa ThoughtWorks, Chicago, baada ya kuchoshwa na kujaribu kwa mkono programu moja ya ndani ya kampuni. Ni zana ninayoiheshimu, na amri za WebDriver za kuongoza kivinjari, zilizokulia humo, zimekuwa kiwango rasmi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 2018. Ila kazi yake ni kuendesha kivinjari. Mteja anataka nini, haijui na haitakuja kujua.

Nieleze zoezi moja ninalolitumia. Tuna mfumo wa kukata tiketi za safari, na hadithi ya mtumiaji, yaani maelezo mafupi ya anachohitaji, inasema: abiria akichagua kiti, kishikiliwe mpaka alipe. Sentensi moja, na ukiisoma haraka unaona haina tatizo. Ninawakalisha wanafunzi watatu watatu, kompyuta zimefungwa. Mmoja ni mwenye bidhaa, mmoja msanidi, mmoja mjaribu. Mjaribu anauliza: kishikiliwe kwa muda gani? Mwenye bidhaa anajibu, dakika kumi. Msanidi anashtuka, kwani yeye alishachukulia kwamba kiti kinaachiwa abiria anapofunga ukurasa. Mjaribu anaendelea: abiria ameanza kulipa dakika ya tisa, jibu la benki limerudi dakika ya kumi na moja, na kiti kimeshachukuliwa na mwingine. Tunafanyaje?

Hapo ndipo darasa linapochangamka. Yuko anayetaka fedha zirudishwe papo hapo. Yuko anayesema saa isimame abiria akishabonyeza kulipa. Mwingine anauliza itakuwaje benki isipojibu kabisa, kiti kibaki kimeshikiliwa milele? Kila jibu ni uamuzi wa biashara, na msanidi peke yake hana mamlaka ya kuutoa. Lakini mtu asipouliza, msanidi ataamua yeye, kimyakimya, ndani ya msimbo, kwa sababu kompyuta lazima ifanye kitu. Ubishi huu wa robo saa usipofanyika mezani, utafanyika ndani ya chombo cha safari kati ya abiria wawili wenye tiketi za kiti kimoja.

Baada ya ubishi ndipo tunaandika. Kwa mfano: Ikiwa kiti namba 14 kimeshikiliwa na abiria wa kwanza, na dakika kumi hazijaisha, abiria wa pili anapokichagua, basi aambiwe kimeshikiliwa, aoneshwe viti vilivyo wazi, na asitozwe chochote. Mpangilio huu wa hali, tendo na matokeo unatokana na kazi ya Dan North, na zana ya Cucumber iliyotoka 2008, inayoendesha mifano iliyoandikwa hivyo kama majaribio, ndiyo iliyoueneza. Tazama kisichokuwemo: hakuna kitufe, hakuna rangi, hakuna kisanduku cha tatu mstari wa nne. Mwenye bidhaa anausoma na kusema ndiyo au hapana. Mwanafunzi aliyeanza na zana angeandika fungua ukurasa, bofya hapa, subiri sekunde tano, bofya pale. Siku mbunifu akihamisha kitufe upande wa kulia, jaribio lake linaanguka, wakati kanuni ya kiti haijaguswa hata kidogo. Habari za kitufe kiko wapi zina mahali pake: ziandikwe mara moja tu, katika faili inayosimama kwa niaba ya ukurasa ule, ili ukurasa ukibadilika urekebishe faili moja badala ya majaribio mia.

Na hizo sekunde tano, Ndugu Mhariri, ndizo zinazonikera kuliko yote, kwa sababu bado zinafundishwa kama jambo la kawaida. Timu yenye majaribio 300, kila moja likilala sekunde tano mara moja tu, inapoteza dakika 25 kila majaribio yanapoendeshwa bila kupima chochote. Hata hivyo, siku seva ikielemewa na ujumbe ukatokea sekunde ya sita, jaribio linashindwa na hakuna kasoro. Njia sahihi ni kusubiri jambo lenyewe: subiri mpaka ujumbe wa kiti uonekane, na uweke kikomo ambacho kikipita ndipo useme imeshindikana. Zana mpya kama Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020, husubiri zenyewe mpaka kitufe kiwe tayari kubofywa. Zinasaidia sana. Lakini kitufe kuwa tayari na malipo kuwa yamekamilika ni mambo mawili, na la pili lazima mjaribu aliseme mwenyewe.

Jaribio linalopita asubuhi na kuanguka mchana bila msimbo kubadilika lina madhara makubwa kuliko kukosa jaribio kabisa. Google, ambako hawana uhaba wa wahandisi, walieleza mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kiasi fulani cha kigeugeu hicho. Katika timu ndogo matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu: taa nyekundu inawaka, mtu anasema "endesha tena", inageuka kijani, kila mtu anaendelea na kazi. Wakishazoea hivyo, nyekundu ya kweli nayo inaendeshwa tena mpaka ichoke. Mara nyingi chanzo ni kusubiri vibaya, au majaribio mawili kugombea data moja. Jaribio la kwanza limeshanunua kiti namba 14, la pili linakikuta hakipo. Kila jaribio liumbe safari yake, abiria wake na kiti chake. Hili nalo kozi fupi hazilifikii, kwa sababu darasani kuna jaribio moja na linaendeshwa na mtu mmoja.

Kuna jambo wengi hawalioni. Ile kanuni ya dakika kumi tutaijaribu vipi? Tukae dakika kumi tukiangalia skrini? Haiwezekani, si kwa majaribio yanayotakiwa kutoa jibu kabla msanidi hajasahau alichoandika. Mfumo lazima ujengwe kwa namna inayoruhusu jaribio kuusogezea saa mbele. Msanidi akijua hitaji hilo mwanzoni, ni kazi ndogo. Akiambiwa kila kitu kikiwa kimeshaungana, ni kubomoa. Ndiyo maana ninasisitiza mjaribu awepo kwenye mazungumzo ya kwanza: pamoja na kuuliza maswali, anaufanya mfumo uweze kujaribika. Ni hapohapo pia mnapoamua lipi lipite kwenye kivinjari na lipi lisipite. Kanuni ya kurudisha fedha inaweza kupimwa moja kwa moja kwenye seva kwa muda mfupi sana, bila kufungua ukurasa wowote, na kivinjari mkakiachia safari chache muhimu za mtumiaji kutoka mwanzo hadi mwisho. Piramidi ya Mike Cohn, yenye majaribio mengi madogo chini na machache ya kivinjari juu, inasema hivyo tangu 2009, na bado ninakutana na timu zilizoisimamisha kichwa chini.

Najua nitajibiwa kwamba vijana wanahitaji ajira, na matangazo ya kazi yanataja majina ya zana. Ni kweli, na mimi pia ninafundisha zana. Anayetoka kwenye zoezi la kiti namba 14 hujifunza Selenium au Playwright haraka, kwa sababu anajua anataka zana imfanyie nini. Anayeanza na zana hukwama kila toleo jipya linapotoka. Nitaambiwa pia kwamba vikao vinachelewesha kazi. Kikao kisicho na mifano kinachelewesha, nakubali. Chenye mifano kinaisha kwa maandishi ambayo kompyuta itayashika na kuyapima kila siku, na sijui kikao kingine chenye mazao ya namna hiyo.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa wakufunzi wenzangu: siku ya kwanza kompyuta zifungwe, na wanafunzi wapewe hadithi moja ya mtumiaji waichambue mpaka watoe mifano inayoumiza kichwa. Kwa anayetafuta kozi: kabla hujalipa, muulize mkufunzi kama mtajaribu programu inayobadilika kila wiki au ukurasa uleule wa kuingia kwa jina na nywila mwanzo hadi mwisho. Kwa waajiri: mnapomhoji mjaribu, acheni kumtaka akariri amri, mpeni hadithi yenye sentensi moja na msikilize maswali atakayouliza. Na mkishamwajiri, mwiteni kwenye upangaji wa kazi tangu mzunguko wa kwanza. Bado anapelekewa programu siku ya mwisho jioni, ikiwa imeshakwisha, na kuulizwa kama ni nzima.

Wako,
Mjaribu programu na mkufunzi, msomaji wa gazeti hili