Mafunzo ya usalama Alhamisi

Habari za jioni ndugu zangu. Alhamisi saa 2 asubuhi tunaanza na mashimo ya majitaka, na hapo ndipo tutakaa zaidi. Gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza, lakini ikizidi hufisha uwezo wa kunusa, kwa hiyo msiitegemee pua. Kipima gesi kishushwe kwanza: juu, katikati, chini. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, hakuna kuingia.

Mwenzako akianguka ndani, tafadhali sana, usimfuate! Wengi wamekufa wakiokoa. Mvute kwa kamba aliyofungwa, ita waokoaji.

Mwishoni tutagusia kufuli za matangi na nywila za mitambo ya pampu. Njooni na mikanda yenu ya usalama tuikague. Wa zamu ya usiku, niandikieni leo niwapangie.