Iliki isiue ua la Usambara

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wakulima wa iliki wa Usambara Mashariki habari za saintpaulia, ua dogo la zambarau lililopelekwa Ujerumani miaka ya 1890 na sasa kupamba madirisha duniani kote. Kwao ni hapa.

Huota kwenye nyufa za miamba karibu na vijito, penye udongo mwembamba sana. Mizizi yake haiendi chini, hivyo unyevu wote hutegemea kivuli cha miti mikubwa. Anayefyeka vichaka na kupunguza miti ili iliki ipate mwanga huanika jiwe lile: majani yenye vinyweleo hugeuka manjano, huungua, kisha mmea hufa. Kupanda miti upya hakusaidii haraka, maana kivuli huchukua miaka mingi.

Basi acheni miti yote iliyofunika miamba, na mita 60 za kando ya mto ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inazilinda. Wanaotaka ua la kuuza wasing'oe msituni. Jani moja la mmea wa bustanini, kikonyo kikichomekwa sentimita 2 kwenye mchanga wenye unyevu, hutoa miche. Maji yakituama, kikonyo huoza.

Msomaji, Muheza