Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliahidi mbele yenu kwamba tutasoma vitabu 6. Tumesoma 3, na viwili kati ya hivyo tulivipitia mbiombio. Mpango ulikuwa wangu na umevunjika mikononi mwangu, ila siwezi kusema najuta sana.

Kilichotuchelewesha ni The Shack, riwaya ya William P. Young iliyotoka mwaka 2007. Kwa ambao hamkuwepo: Mack anakwenda kupiga kambi na watoto wake. Binti yake mdogo, Missy, anatekwa, na gauni lake lenye damu linaonekana kwenye kibanda kichakavu porini, huko Oregon, Marekani. Miaka inapita. Siku moja Mack anakuta barua ya kumwita arudi kwenye kibanda kilekile, na aliyeiandika amejitaja kuwa "Papa", jina ambalo mkewe Mack hulitumia kumwita Mungu.

Nilitenga vikao 2. Vikawa 5.

Cha kwanza kilikwama kwenye jina hilo. Papa kwetu ama ni mkuu wa Kanisa Katoliki, ama ni samaki ambaye hutaki kukutana naye ukiogelea. Tulicheka weee, mpaka tukafika pale mlango unapofunguliwa na Papa akatokea mwanamke mweusi. Kicheko kikaisha. Wapo walioita jambo hilo kufuru, na hawakuwa peke yao, kwa sababu wachungaji na wanateolojia wengi walishakipinga kitabu hiki. Mmoja wetu akasema Kiswahili kimetulea vizuri: tunasema "Mungu amesema", na hakuna anayelazimika kutaja kama ni mume au mke. Akajibiwa papo hapo kwamba "Baba" ni neno la Yesu mwenyewe, si la kuchezea. Akafunguliwa Isaya 66, Mungu anapojifananisha na mama anayemfariji mwanawe. Hatukuafikiana, na katibu ameandika hivyohivyo kwenye muhtasari.

Kikao cha tatu ndicho ninachotaka kukizungumzia. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe, mwenzetu wa siku nyingi, alifunga kitabu akasema, "Mack alipewa wikendi nzima akae na Mungu amuulize maswali. Mimi niliambiwa kazi ya Mungu haina makosa." Hakumtaja aliyemwambia. Ni mimi. Nilimwambia siku ya mazishi, nimesimama mlangoni, nina haraka ya kuondoka.

Baada ya hapo tuliweka riwaya pembeni tukasoma Ayubu. Rafiki zake walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, na sidhani kama walifanya jema kubwa kuliko hilo. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, hata Mungu mwenyewe akawakasirikia mwishoni. Tukaona na jambo ambalo nilikuwa nimelisoma miaka yote bila kuliona. Mifugo ya Ayubu ilirudishwa maradufu, lakini watoto aliojaliwa baadaye ni idadi ileile, wana 7 na mabinti 3. Na wale wa kwanza hawakufufuka. Young naye hamfufui Missy. Anachopewa Mack ni mwili wa mtoto wake, auzike.

Maoni yangu, si ya chama: mazungumzo ya kibandani ni marefu na mara nyingi yanageuka mahubiri, na msamaha kwa muuaji umefika upesi mno. Mhazini hakubaliani nami, na tumeshabishana vya kutosha.

Toka siku ile tuna utaratibu mpya. Mtu akisema habari za msiba wake, tunanyamaza kwanza, wala hasomewi aya asiyoiomba. Makamu wangu ameuvunja mara 2, mimi mara 1. Wanachama 2 wameacha kuja, mmoja kwa sababu ya mafundisho ya kitabu, mwingine akisema tumegeuka kikundi cha maombolezo. Huyo wa pili ana hoja. Ndiyo maana napendekeza mwaka ujao tuanze na kitabu cha kuchekesha.

Fedha ataeleza mhazini. Salio lipo, dogo. Nakala hazikutosha, nikakataa zisitolewe fotokopi maana mwandishi naye anakula kwa kalamu yake. Walionuna nawaelewa.

Nakala 3 za chama hazijarudi. Moja ninayo mimi, nitaileta. Ya pili naomba aliyenayo ajitokeze tu, hatutamtoza. Ya tatu iko kwa yule mama. Ameniambia amesimama kwenye sura wanayoubeba mwili wa Missy, na hajui ataendelea lini. Naomba mkutano huu usimdai.

Mwenyekiti