Mwanangu, kesho kakae mbele

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku tuko salama, bibi anakusalimia na yule ndama amepona. Meseji yako ya juzi, kwamba hukusikia notisi darasani, nimeisoma mara tatu na sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, sio na wewe, na huyo mwalimu. Yaani mtu anatoa notisi kwa mdomo huku kawapa mgongo anaandika ubaoni, ukimuuliza anakwambia darasa zima limesikia isipokuwa wewe? Ila na wewe kuivua mashine ya sikio inayokusaidia kusikia ukaificha kwenye tranka ili wenzako wasijue, hapo umeniudhi kidogo.

Kuna mama mmoja wa ukoo wa kifalme Uingereza, wengi hawamjui ila mtoto wake tunamjua wote, Prince Philip mume wa Malkia Elizabeth. Anaitwa Princess Alice wa Battenberg. Kazaliwa 1885 kwenye kasri la Windsor, kitukuu wa Malkia Victoria, na kazaliwa kiziwi. Alichelewa kuongea hadi bibi yake mzaa baba akashtuka, wakampeleka kwa daktari wa masikio. Basi akafundishwa kusoma midomo, Kiingereza na Kijerumani, na mimi hapo nikakukumbuka wewe mdogo, nikiongea unanishika kidevu unanigeuza nikutazame.

Sasa sikia ya harusi. Mwaka 1903, Darmstadt kule Ujerumani, anaolewa na Prince Andrew wa Ugiriki, na padri wa Othodoksi ana ndevu zimemfunika mdomo wote. Inasemekana akaulizwa kama amekubali ndoa kwa hiari yake akajibu hapana, akaulizwa kama ameshaahidi kuolewa na mwingine akajibu ndiyo! Nilicheka peke yangu hadi bibi akaja kuchungulia. Lakini mwanangu, kosa si lake, ni la ndevu. Na wewe kosa si lako, ni la ule mgongo.

Maisha yake hayakuwa ya keki na chai. Vita vya Balkan, kule kusini mashariki mwa Ulaya, aliuguza majeruhi hadi Mfalme George V wa Uingereza akampa nishani 1913, baadaye yeye na mumewe wakafukuzwa Ugiriki, mwaka 1930 madaktari wakasema ana skizofrenia akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Uswisi wakati Philip ana miaka 8 tu, na 1937 binti yake Cecilie akafa kwenye ajali ya ndege pamoja na mume na watoto wao wawili wa kiume. Hayo siwezi hata kuyaandika sana, mimi ni mama.

Akarudi Athens, mji mkuu wa Ugiriki, akakaa huko Vita vya Pili vya Dunia vyote. Mwaka 1943 Wajerumani wanasaka Wayahudi, yeye akamficha mjane mmoja, Rachel Cohen, na watoto wake wawili ndani ya nyumba aliyokuwa anaishi, karibu mwaka mzima, na hapo waume wa binti zake mwenyewe wako upande wa Wajerumani. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakaja kumhoji. Unajua alifanyaje? Akajifanya haelewi kwa ukiziwi wake, maskini mama wa watu, midomo yao inacheza tu! Wakachoka wakaenda zao. Familia ile ikapona, na 1993 Israeli wakamtambua rasmi kwa hilo, mwenyewe keshafariki tangu 1969.

Kwenye kutawazwa kwa mkwe wake Malkia Elizabeth 1953, wenzake wamevaa mataji na almasi, yeye kaja na kanzu ya kijivu ya sista. Hakuficha alivyo yule mama.

Kwa hiyo kesho toa mashine kwenye tranka, kakae dawati la mbele, akigeuka ubaoni nyoosha mkono umwambie mwalimu naomba unitazame ukiongea. Kwa heshima, sio kwa mdomo ule ninaoujua mimi. Asipokubali nitakuja mwenyewe Jumatatu.

Betri nimempa kondakta wa basi la asubuhi, pakiti mbili, ziko kwenye kopo la karanga. Ukizipokea nibipu.

Mama yako