Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kuhusu takwimu za intaneti ya kasi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Ninakuandikia kutoka kijiji kilicho kando ya Mto Tana, ambako anayetaka kutuma picha kwa simu hupanda kichuguu kilichoko nyuma ya msikiti na kungoja. Takwimu za kitaifa zinasema kwamba zaidi ya Wakenya tisa katika kila kumi wamefikiwa na mtandao wa 4G, yaani kizazi cha nne cha mtandao wa simu, na nina hofu kubwa kwamba sisi pia tumeandikwa miongoni mwao.

Mashaka yetu yana historia. Ripoti ya Mamlaka ya robo mwaka ya Julai hadi Septemba 2017 ilieleza kwamba matumizi ya intaneti nchini yamepita asilimia 112 ya wananchi. Miaka miwili baadaye, katika sensa ya Agosti 2019, makarani walipopita nyumba kwa nyumba, ni asilimia 22.6 tu ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliosemekana kutumia intaneti, na ni asilimia 17.9 tu ya kaya zilizokuwa nayo. Ninafahamu kwamba hesabu hizi hazipimi kitu kimoja: Mamlaka huhesabu laini iliyotumia data ndani ya siku 90, kwa hiyo mwenye laini mbili huhesabiwa mara mbili, ilhali karani wa sensa humuuliza mtu mwenyewe. Lakini tarakimu inapofika kwenye hotuba na magazeti, laini imekwisha kugeuka mtu, na hakuna anayemkumbusha msikilizaji tofauti hiyo.

Kufikiwa nako kuna utata wake. Mkakati wa taifa wa mwaka 2013 uliweka megabiti 5 kwa sekunde kuwa kiwango cha chini cha intaneti ya kasi, ilhali laini ya 3G, kizazi kilichotangulia 4G, huingizwa katika hesabu ya intaneti ya kasi bila kuulizwa inamletea mwenyewe megabiti ngapi. Mwaka jana mpwa wangu alipaswa kutuma maombi ya chuo. Ukurasa ukakataa kufunguka siku mbili mfululizo, hadi akapanda bodaboda kwenda mjini, akamlipa mwenye duka la intaneti, akarudi usiku. Tulipoilalamikia kampuni iliyotuuzia laini, tulijibiwa kwamba kwenye ramani yao eneo letu lina mtandao. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu ramani ilitumiwa kumkanusha mtu aliyesimama mahali penyewe.

Ramani hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa na kampuni zenye leseni, huelekeza fedha kwenye kata ndogo zinazoonekana kukosa huduma. Penye rangi ya kufikiwa, mnara hauji. Na tangu serikali ihamishie huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma, mwaka 2023, anayekosa mtandao anakosa pia mlango wa ofisi ya umma.

Marekani waliwahi kuliona kosa la namna hii. Kwa miaka mingi eneo dogo la sensa lilihesabiwa kuwa na huduma hata kama ni nyumba moja tu iliyoweza kuunganishwa. Bunge lao likapitisha sheria Machi 2020, na ramani mpya ya Novemba 2022 ikaonyesha jengo kwa jengo, huku mwananchi akiruhusiwa kuipinga rasmi.

Ninaomba Mamlaka ichapishe takwimu za kila kata ndogo, pamoja na kasi iliyopimwa pale pale wanapoishi watu badala ya ile iliyokadiriwa kutoka kwenye mnara, na ifungue njia ya wakazi kupinga ramani, iwe hata kupitia kwa chifu, kwani si haki kumtaka asiye na mtandao alalamike mtandaoni. Afisa wako akija huku na kifaa cha kupimia, aanzie majumbani mwetu. Kichuguu tutampeleka baadaye.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Delta ya Tana