Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: Kibali cha burudani kiambatane na mkataba wa msanii

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Ninakuandikia kwa heshima nikiwa katibu wa kikundi cha ngoma cha watu 14 kutoka Newala. Tunacheza sindimba na kutoa mapiko, yaani ngoma ya vinyago, na tusipoitwa popote tuko mashambani kwenye mikorosho yetu kama watu wengine. Ombi langu ni moja: burudani yoyote ya kulipwa isipewe kibali katika mkoa huu mpaka mwombaji aambatanishe mkataba uliosainiwa kati yake na wasanii aliowakodi.

Mwaka jana, katika msimu wa minada ya korosho, wakala mmoja alitupigia simu akitutaka kwenye hafla Mtwara mjini. Tulipatana shilingi 700,000, na gari tukalikodi wenyewe kwa mkopo wa shilingi 180,000. Tulifika saa 4 asubuhi, tukakoka moto wa makuti nyuma ya turubai ili ngozi za ngoma zikaze, kisha tukasubiri mchana wote na kuuwasha moto upya mara mbili kwa sababu mgeni rasmi alikuwa bado hajafika. Tulicheza jioni, tena mizunguko miwili badala ya mmoja tulioagizwa. Usiku wakala alitukabidhi bahasha yenye shilingi 250,000, akasema bajeti imebana na iliyobaki itafuata. Haijafuata hadi leo. Baada ya kulipa deni la gari zilibaki shilingi 70,000, yaani 5,000 kwa kila mmoja. Mzee wetu anayepiga kinganga aliikunja noti yake mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akapanda gari bila kusema neno.

Nilipokwenda kuuliza namna ya kudai, niliombwa ushahidi. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya simu iliyodumu dakika 3 na sekunde 12.

Mheshimiwa, sheria haijatutupa kabisa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo, ila anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, na hapo ndipo msanii wa kukodiwa anapokwama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa. Mtu aliyekodiwa kucheza kwa saa 2 mara nyingi hubaki nje ya kivuli chake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, nayo inampa mtumbuizaji haki juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake, lakini sijawahi kuona mpiga picha wa video akituuliza chochote kabla ya kuwasha kamera.

Sipendekezi ofisi mpya wala kamati. Ombi la kibali cha burudani ya hadhara tayari hupita mezani kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, kwa hiyo karatasi moja zaidi haitamwelemea mtu. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, nao waweke dole gumba. Ionyeshe ni nani hasa anayelipa, maana wakala husema fedha iko kwa mwenye shughuli na mwenye shughuli husema amekwisha kumlipa wakala. Itaje kiasi, muda wa kucheza na malipo ya kila mzunguko wa ziada, anayebeba nauli na chakula, na kama video itatumika kwenye tangazo. Nusu ya malipo itolewe kabla kikundi hakijapanda gari, na iliyobaki ilipwe siku hiyohiyo kabla ngoma hazijafungwa. Shughuli ikiahirishwa tukiwa tumekwisha safiri, gharama ya safari isiwe yetu.

Najua wapo watakaosema masharti haya yatawafukuza wanaotukodi. Mwenye nia ya kulipa hana sababu ya kuogopa kuandika alichokwisha kukitamka. Nikiri pia kwamba vipo vikundi vinavyopokea kianzio kisha havitokei, au vinaleta watu 6 mahali palipolipiwa 14, na mkataba utavibana hivyo vilevile.

Ningeomba hafla za serikali ziwe za kwanza kulifuata jambo hili. Tukiitwa kupokea viongozi huambiwa tutapewa posho, na posho haina kiwango wala tarehe. Anayetoa ndiye anayepanga, nasi tunaona aibu kuuliza mbele ya wageni.

Rasimu ya mkataba wa ukurasa mmoja tumekwisha kuiandika, nami niko tayari kuileta ofisini kwako siku yoyote utakayoniita. Tungeshukuru kama maelekezo yangewafikia Maafisa Utamaduni kabla minada ya korosho haijaanza mwezi Oktoba, kwa kuwa simu za kutukodi huanza kuingia wakati huo.

Wako mtiifu,

Katibu wa kikundi cha ngoma, Newala