Kukimbia sio kitambi tu

Mhariri, assalaam aleykum. Mie nakimbia kila alfajiri upande wa Gombani, watu wanadhani natafuta kupunguza kitambi kumbe khasa ni kichwa, maana ukikimbia ubongo unatoa protini ya BDNF, kama mbolea ya seli zake, na damuni inapanda anandamaidi, kemikali ya mwili wenyewe, ndo inayochangia ile raha ya baada ya jasho, wengi wanaisifia endofini tu, kemikali nyengine ya mwili.

Marekani mwaka 2011 walipima wazee 120, nusu yao walitembea dakika 40 mara 3 kwa wiki mwaka mzima, na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ikakua asilimia 2! Wazee hao!

Sasa mamangu anataka kutembea lakini njia yetu kiza totoro, wanaohusika tuwekeeni taa jamani.

Mkimbiaji, Chake Chake